Vifaa vya kubebea mapipa: dalili za uchakavu na wakati wa kubadilisha sehemu

Pipa la lita 200 likijaa maji lina uzito wa kilo 220 hivi. Likijaa kemikali nzito kuliko maji linaweza kukaribia kilo 400. Kifaa kinacholibeba, kiwe kigari cha kusukuma kwa mkono, kinyanyuzi cha pampu ya mguu, mataya ya kufungwa kwenye foklifti au mashine ya kumiminia, kina sehemu chache tu zinazobeba uzito huo wote, na nyingi ni ndogo: pini, springi, mdomo wa taya, oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji). Hizo ndizo huchakaa kwanza.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuamua kwa macho: sehemu ikionekana nzima inaachwa, ikivunjika inabadilishwa. Kwa gurudumu, utaratibu huo unapoteza muda. Kwa taya, unavunja mguu wa mtu. Kwa hiyo gawanya sehemu za kifaa chako katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni zile zinazolishika pipa likiwa hewani: mataya, pini zake, springi, cheni, kulabu, mkanda, sili za silinda, gia ya kugeuzia. Hizi hubadilishwa kwa kipimo, hazingojwi. Kundi la pili ni zile zinazofanya kazi iwe nyepesi au nzito: magurudumu ya kigari, beringi zake, vishikio, breki ya kuegeshea. Hizi unaweza kuzitumia hadi karibu na mwisho, mradi unazifuatilia.

Kabla ya ukaguzi wowote, shusha pipa na uliondoe kabisa. Shusha mlingoti (nguzo ambayo mzigo hupanda na kushuka juu yake) hadi chini, fungua vali ya kushushia ili shinikizo litoke, na kama mashine ina betri chomoa plagi yake. Usiingize mkono wala kichwa chini ya sehemu iliyoinuliwa kwa haidroliki peke yake. Weka gogo au stendi ya chuma kwanza. Vifaa vya kupimia ni vichache: kalipa, rula ya chuma ya milimita 500, chaki, tochi na kipande cha kadibodi. Usafi nao ni sehemu ya kazi, kwa sababu ufa hauonekani chini ya grisi na vumbi.

Dalili: pipa linateleza kwenye mataya au linajiachia

Hapa hakuna "tumalizie zamu kwanza". Pipa likiteleza mara moja, kifaa kinasimama hapo hapo.

Sababu ya kawaida kuliko zote haihusu uchakavu. Ni pipa lisilolingana na kifaa, au ukingo mchafu. Mataya yenye umbo la mdomo wa kasuku hushika ukingo wa juu wa pipa la chuma: mdomo mmoja unaingia chini ya ukingo kwa nje, mwingine unabana kwa ndani, na uzito wa pipa lenyewe ndio unaokaza. Kutokana na hilo, pipa tupu hushikwa kwa nguvu ndogo kuliko lililojaa, na mtikisiko mdogo unatosha kulitoa. Pipa la plastiki lina ukingo wa umbo tofauti, na baadhi ya mapipa ya karatasi ngumu hayana ukingo wa kushikwa namna hiyo. Futa ukingo, angalia kama umebonyea, kisha jaribu kwa pipa jingine zima la aina ile ile kimo kikiwa sentimita chache tu kutoka sakafuni. Likishika vizuri, tatizo ni pipa. Likiteleza tena, rudi kwenye kifaa.

Kinachofuata ni mdomo wa taya. Mdomo mpya una makali yaliyonyooka au meno yanayokwaruza ukipitisha kidole. Ukichakaa unakuwa mviringo na unang'aa. Njia ya uhakika ni kiolezo: siku taya jipya linapofika, chora umbo la mdomo wake kwenye kipande cha bati, kikate na ukitundike karakana. Kila ukaguzi, bandika kiolezo kwenye mdomo na uwashe tochi nyuma yake. Mwanga ukipita mahali ambapo zamani palibana, mdomo umeisha. Hakuna cha kuutengeneza. Kuujazia kwa kulehemu na kuusaga upya ni hatari, kwa kuwa chuma cha taya kimekomazwa kwa moto kiwandani ili kiwe kigumu, na joto la kulehemu huharibu ugumu huo, pengine na kuacha ufa ambao hutauona.

Kama mataya yamevikwa mpira, angalia kama mpira umekuwa mgumu kama plastiki, umevimba au umebanduka pembeni. Mafuta na viyeyusho huvimbisha aina nyingi za mpira. Kubadilisha kitambaa cha mpira ni kazi ndogo. Kusahau kukibadilisha kunakurudisha kwenye chuma kitupu kinachoteleza juu ya rangi ya pipa.

Springi ndiyo ya tatu. Fungua taya bila pipa kisha uliachie. Linapaswa kujifunga lenyewe, kwa kishindo, bila kusukumwa. Likifunga polepole, kwanza safisha egemeo na utie mafuta. Likibaki vile vile, ng'oa springi, ipime urefu ikiwa imelegea, na ulinganishe na mpya. Springi iliyorefuka (ya kuvuta) au kufupika (ya kusukuma) haina nguvu yake ya mwanzo hata kama haijakatika. Chunguza hasa pale ndoano ya springi inapojipinda, maana nyufa huanzia hapo. Springi zikiwa mbili, badilisha zote mbili, la sivyo taya litavuta upande.

Halafu pini na bushi (bomba fupi ambamo pini hukaa). Shika taya kwa mikono miwili na ulitikise kuelekea kushoto na kulia. Likicheza, toa pini na pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama kwenye ngazi, pini imekula. Kama kitabu cha kifaa hakitoi kikomo, pini ya milimita 16 iliyopungua nusu milimita mahali popote haistahili kurudi, na bushi yake itoke pamoja nayo, kwa kuwa pini mpya ndani ya tundu lililopanuka italiwa haraka. Pini za kufungia zenye miguu miwili hutumika mara moja tu. Nati zenye pete ya naironi vile vile: zikishalegezwa, pete imeshapoteza mshiko.

Onyo ambalo halirudiwi vya kutosha: usiweke bolti ya kawaida mahali pa pini. Bolti ina thredi, na thredi zikikaa pale ambapo mzigo unakata, zinakuwa mwanzo wa ufa. Zaidi ya hapo hujui chuma chake ni cha daraja gani.

Sababu adimu, lakini mbaya kuliko zote, ni fremu iliyopanuka au kupinda baada ya kugongwa au kuzidishiwa mzigo. Pima umbali kati ya mataya juu na chini, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana na vya kitabu, au ukiona rangi imepasuka kwa mstari kwenye maungio ya kulehemu, acha. Fremu hainyooshwi karakana. Irudi kwa mtengenezaji au kwa mtaalamu wa vifaa vya kunyanyulia.

Vifaa vinavyofunga pipa kwa mkanda vina dalili zake: mkanda uliokatika pembeni, mshono uliochomoka, sehemu ngumu au yenye rangi iliyofifia. Jua mkanda wako ni wa nini, maana naironi huharibiwa na asidi na poliesta huharibiwa na alkali kama magadi. Mkanda uliomwagikiwa kemikali isiyoufaa unatoka siku hiyo hiyo, hata kama unaonekana mzima.

Dalili: kinyanyuzi hakipandi, kinapanda nusu, au kinashuka chenyewe

Anza na mafuta. Shusha mlingoti hadi chini kabisa kisha angalia kiwango kwenye tenki. Ukijaza mlingoti ukiwa juu, mafuta yatamwagika utakaposhuka, kwa kuwa yaliyo ndani ya silinda yanarudi tenkini. Mafuta pungufu hujitambulisha kwa kinyanyuzi kupanda vizuri mwanzoni na kukwama kabla ya kufika juu. Tumia daraja lililoandikwa kwenye kitabu. Vinyanyuzi vingi vya mkono hutumia mafuta ya haidroliki ya ISO VG 32 (namba ya uzito wa mafuta) au karibu na hapo. Usitie mafuta ya breki hata kwa dharura: yanavimbisha na kuharibu sili za nitraili (aina ya mpira) zinazotumika katika pampu nyingi, na baada ya hapo utabadilisha kila kitu. Mafuta yenye rangi ya maziwa yameingia maji. Yamwage yote.

Mafuta yakitosha na bado kunyanyua kunadundadunda kama springi, kuna hewa. Fungua vali ya kushushia, piga pampu mara 10 hadi 15 bila mzigo, funga, jaribu tena. Hewa ikirudi baada ya siku chache, kuna mahali inaingilia, na mara nyingi ni sili ya pampu au kiungo cha bomba la kuvutia mafuta.

Kinyanyuzi kinachoshuka chenyewe kinahitaji kipimo. Weka mzigo wa uwezo kamili wa kifaa, inua sentimita 30, piga mstari wa chaki kwenye mlingoti, na subiri dakika 10. Kitabu cha mtengenezaji ndicho kinachosema kushuka kiasi gani kunakubalika. Kwa kifaa cha kumiminia au cha kuwekea pipa juu ya mizani, kushuka kunakoonekana kwa macho ndani ya dakika 10 kunatosha kuwa sababu ya kukifungua.

Sasa angalia fimbo ya silinda. Vinyanyuzi vingi vya pampu ya mguu vina silinda inayosukuma upande mmoja tu, na mzigo hushuka kwa uzito wake. Katika silinda ya namna hiyo ambayo fimbo yenyewe ndiyo pistoni, sili ikichakaa mafuta hutoka nje na utayaona yakizunguka fimbo. Ikiwa fimbo ni kavu na mzigo bado unashuka, sili haina kosa. Mafuta yanarudi tenkini kupitia vali ya kushushia au vali ya kuzuia kurudi. Watu hununua seti nzima ya sili, wanafunga, na kinyanyuzi kinaendelea kushuka, kwa sababu hawakuangalia hili. Silinda inayosukuma na kuvuta ni tofauti: humo mafuta hupenya kando ya pistoni kwa ndani bila kuonekana nje, na kuipima kunahitaji kufunga njia za mafuta na kusoma shinikizo.

Kwa vali ya kushushia, sababu ya kwanza ni waya au fimbo ya kuivuta iliyokazwa mno, hivyo vali haifungi hadi mwisho. Legeza kidogo mpaka kishikio kiwe na nafasi ya kucheza ya milimita chache kabla ya kugusa vali. Sababu ya pili ni uchafu juu ya kikalio chake, yaani pale goroli ya vali inapokaa ikifunga. Fungua vali nusu dakika huku ukipiga pampu ili mafuta yausukume nje, kisha funga. Haikusaidia? Basi goroli au kikalio kimekula na vali inabadilishwa nzima.

Ukifika kwenye sili, badilisha seti yote, oringi ndogo zikiwemo. Pitisha ukucha kwenye fimbo kwanza: ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo au tundu la kutu, sili mpya itakatwa upya, na fimbo yenyewe ndiyo inayohitaji kubadilishwa au kuvikwa kromu tena. Toa sili kuukuu kwa chombo cha plastiki au shaba, si kwa bisibisi, maana mkwaruzo ndani ya mfereji wa sili ni njia ya mafuta. Piga picha kabla ya kutoa. Mdomo wa sili hutazama upande wenye shinikizo, na ukigeuzwa hauzuii chochote. Paka mafuta yale yale ya haidroliki kabla ya kuingiza.

Vali ya usalama usiiguse. Kinyanyuzi kisipopandisha mzigo wake halali, jibu si kukaza vali hiyo. Imewekwa kiwandani ili mtu asinyanyue zaidi ya uwezo wa fremu, na kuikaza kunahamisha uharibifu kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye chuma. Kuipima ni kazi ya fundi wa haidroliki mwenye geji.

Dalili: mafuta yanavuja kwenye hozi au viungo

Usitafute tundu kwa kidole wala kwa kiganja. Pitisha kadibodi kando ya hozi ikiwa na shinikizo. Mafuta yataacha alama juu yake. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa shinikizo kubwa hupenya ngozi bila maumivu makali mwanzoni. Kijitundu kidogo mkononi baada ya tukio kama hilo ni dharura ya upasuaji: mtu apelekwe hospitali mara moja na daktari aambiwe ni mafuta ya haidroliki.

Kiungo kinachovuja kikaze mara moja tu, shinikizo likiwa limetolewa. Kikiendelea, badilisha oringi au washa yake badala ya kuongeza nguvu. Hozi inabadilishwa ikiwa waya wa ndani unaonekana, ikiwa imevimba, imepasukapasuka inapokunjwa, au ikiwa mpira umeanza kuteleza kutoka kwenye kichwa chake cha chuma. Umri nao unahesabiwa. Kanuni ya Kijerumani ya DIN 20066 inapendekeza hozi isizidi miaka 6 tangu kutengenezwa, muda wa kukaa stoo ukiwemo. Tarehe huchapishwa kwenye hozi yenyewe. Hozi haifungwi kwa utepe wala kwa kibano cha bomba la maji.

Dalili: kigari ni kizito kusukuma, kinavuta upande au kinatetemeka

Geuza kigari au kiinue, kisha zungusha kila gurudumu kwa mkono. Katika nyingi ya kesi utakuta kamba, plastiki ya kufungia mizigo au waya umejisokota kwenye ekseli. Ukate, tia grisi, jaribu tena.

Gurudumu likizunguka kwa mkwaruzo, beringi imekufa. Likicheza ukilitikisa, beringi au ekseli. Badilisha beringi zote mbili za gurudumu hilo, na mahali penye maji au unga chagua zilizofunikwa kwa mpira pande zote. Piga mpya kwenye pete inayoingia kwa kukaza, kamwe si kupitia goroli.

Tairi la gurudumu linatoka likiwa na sehemu bapa inayogonga kila mzunguko, likiwa limenyofoka vipande, au likiwa limeachana na kitovu chake cha chuma. Hilo la mwisho hufichika: ingiza ncha ya kisu kati ya tairi la poliuretheni na kitovu, ikizama gundi imeachia. Viyeyusho vilivyomwagika sakafuni na maji ya moto ya kuoshea ndivyo hulegeza gundi hiyo mapema, na pale penye kemikali za namna hiyo naironi mara nyingi huvumilia zaidi, ingawa ni kelele na inakwaruza sakafu. Badilisha magurudumu mawili ya ekseli moja kwa pamoja. Jipya lina kimo kikubwa kuliko kuukuu, kifaa kitainama, na pipa refu likiinama linaanza kutafuta njia ya kuanguka.

Unaponunua, hesabu uzito hivi: jumla ya kifaa na pipa gawanya kwa 3, hata kama kifaa kina magurudumu 4, kwa sababu sakafu isiyosawazika huacha moja hewani. Kigari cha kilo 60 chenye pipa la kilo 400 kinataka gurudumu la angalau kilo 154.

Gurudumu jipya likianza kuliwa upande mmoja ndani ya wiki chache, lilaumu lile linaloshikilia gurudumu. Uma wake umepinda, au kitako cha kuzungukia kimelegea. Kukiwa na goroli zinazotoka kwenye kitako hicho, badilisha kasta nzima (gurudumu pamoja na uma na kitako chake). Kwa mlingoti, roli zinazokimbia ndani ya reli zikiwa na sehemu bapa hutoa mtetemo ule ule kwa juu.

Dalili: cheni ya mlingoti inalia, inarukaruka au upande mmoja unachelewa

Cheni ya bamba hairefuki kwa chuma kunyooka. Inarefuka kwa sababu pini na matundu ya bamba yanakulana. Pima sehemu inayopita kwenye puli mara nyingi zaidi, si ncha, ikiwa imenyooshwa na mzigo mdogo. Kwa cheni ya hatua (umbali kutoka pini hadi pini) ya milimita 15.875, hatua 20 ni milimita 317.5 ikiwa mpya. Kikomo cha kawaida ni asilimia 3, hivyo ikifika milimita 327 inatoka. Kitabu kikisema asilimia 2, fuata kitabu.

Kabla ya kufika huko kuna dalili nyingine ambazo kila moja peke yake inatosha: pini zilizojizungusha mahali pake, bamba lenye ufa, unga mwekundu wa kutu kwenye viungo, na kingo za bamba zilizopungua asilimia 5 ya kimo chake kwa kusuguana na puli. Unga mwekundu unasema cheni imekaa kavu. Cheni hutiwa mafuta mepesi yanayopenya hadi kwenye pini. Grisi nzito inabaki juu na kuzuia mafuta kuingia.

Cheni mbili hubadilishwa pamoja, na pini za kushikilia ncha zake pia. Cheni ya kunyanyulia haifupishwi, hailehemewi, haiungwi na kipande cha nyingine. Na kama cheni ni sawa lakini upande mmoja unachelewa, sawazisha nati za kurekebishia. Ikiwa nafasi ya kurekebisha imekwisha, cheni imekwisha.

Dalili: pipa linageuka lenyewe wakati wa kumimina, au gurudumu la kugeuzia lina nafasi kubwa

Kwanza angalia kama mzigo ni halali. Pipa lililojaa nusu ni gumu kudhibiti kuliko lililojaa, kwa sababu kimiminika kinakimbilia upande mmoja na kuvuta pipa zima. Ndiyo maana vifaa vingi vya kugeuzia vina uwezo wa aina mbili kwenye kibao: mkubwa kwa pipa lililojaa, mdogo kwa lililojaa nusu. Wengi husoma namba ya kwanza tu.

Mzigo ukiwa halali, tafuta mahali nafasi ilipo. Shikilia pipa lisizunguke, kisha zungusha gurudumu la mkono kushoto na kulia. Kagua skrubu ya kufungia gurudumu kwenye shafti na kijiti chake. Mara nyingi nafasi yote ipo hapo. Halafu cheni ya mkono na sproketi: meno yaliyochongoka na kujikunja kama ndoano yanamaanisha sproketi na cheni zinatoka pamoja, maana cheni mpya juu ya meno hayo itachakaa upesi.

Mwisho giaboksi. Mwaga mafuta kidogo kwenye chombo cheupe. Ung'avu mwembamba wa rangi ya dhahabu ni kawaida kwenye giaboksi mpya yenye gia ya shaba nyeusi. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si kawaida: gia inamalizika. Gia nyingi za skrubu hujifunga zenyewe, yaani mzigo hauwezi kuzigeuza kinyume, lakini kujifunga huko kunategemea msuguano, na meno yaliyoliwa, mafuta yasiyo sahihi au mtetemo vinaweza kuondoa kujifunga huko. Jaribu kwa pipa la maji sentimita chache kutoka sakafuni: geuza hadi lilale, legeza mkono taratibu. Likisogea lenyewe, kifaa hakimimini tena kitu chochote mpaka breki au giaboksi ibadilishwe. Mkono usiwe kati ya spoku za gurudumu wakati wa jaribio.

Kulabu, meno ya foklifti na vifungio

Kulabu inatoka ikiwa mdomo wake umepanuka asilimia 5 kuliko kipimo cha mwanzo, ikiwa imekula asilimia 10 ya unene, au ikiwa imejisokota hata kidogo. Piga nukta mbili za alama kwenye kulabu ikiwa mpya na uandike umbali wake. Kilimi cha usalama kisichorudi chenyewe kibadilishwe kabla ya kazi kuendelea.

Mataya yanayovikwa kwenye meno ya foklifti yanasaga kisigino cha meno. Jino la milimita 40 likibaki milimita 36 pale kisiginoni, limepoteza sehemu ya kumi ya unene, na nguvu zake zimeshuka kwa karibu sehemu ya tano. Linatupwa. Angalia pia skrubu na mnyororo unaofunga kifaa kwenye foklifti: ncha ya skrubu iliyokuwa mviringo haiumi chuma, na kifaa kinaweza kuteleza mbele foklifti inapofunga breki.

Dalili: mtu anapigwa na shoti ndogo au cheche zinaonekana

Kwenye mapipa ya vimiminika vinavyowaka moto, hii ni sababu ya kusimamisha eneo zima, si kifaa tu. Chanzo cha kawaida ni kibanio cha waya wa ardhi chenye meno butu yasiyopenya rangi ya pipa. Pima kwa mita ya umeme kutoka chuma tupu cha pipa hadi sehemu ya kuunganishia ardhi: njia ya chuma kwa chuma inapaswa kuwa chini ya ohmu 10. Ikizidi, badilisha kibanio au waya.

Chanzo kingine huletwa na matengenezo yenyewe. Magurudumu yanayopitisha umeme tuli yanabadilishwa kwa ya kawaida yanayofanana nayo kwa umbo, au mdomo wa taya wa shaba nyeusi usiotoa cheche unabadilishwa kwa wa chuma. Kifaa kinaonekana kimepona, kumbe kimepoteza kinga yake. Agiza kwa namba ya sehemu. Jaribio lolote la umeme, na kuchaji betri, kufanyike mbali na mapipa hayo na penye hewa ya kutosha.

Kwa mashine za betri zinazonyanyua polepole, pima betri ikiwa imepumzika: ya volti 12 iliyojaa husoma volti 12.7 hivi, na ikisoma 12.0 iko karibu tupu. Ikiwa imejaa lakini inaporomoka mara mota inapoanza, betri imechoka. Isipoporomoka, kagua vituo vya waya, kisha brashi za mota. Zaidi ya hapo mwachie fundi umeme.

Kabla ya kurudisha kifaa kazini

Kifaa kilichobadilishwa sehemu yoyote ya kundi la kwanza kinajaribiwa kwanza bila mzigo, mizunguko kadhaa ya kufungua, kufunga, kupanda na kushuka. Kisha pipa la maji, kimo cha chini, watu wakiwa mbali. Kikiwa kimebadilishwa taya, kulabu, cheni au sehemu ya fremu, jaribio la mzigo hufanywa na mtu mwenye idhini, kwa kawaida hadi asilimia 125 ya uwezo ulioandikwa kwenye kibao, na baada yake vipimo vyote vya fremu vinarudiwa. Jaribio hilo si la kubahatisha kwa kuongeza mapipa.

Andika kwenye daftari la kifaa: tarehe, sehemu, namba yake, kipimo cha kuukuu kilichotolewa na cha mpya iliyowekwa. Kipimo cha kuukuu ndicho kinachosahaulika, na ndicho kitakachokuambia mara ijayo ukague baada ya miezi mingapi. Sehemu iliyotolewa ikatwe au ipigwe msumeno katikati kabla ya kutupwa, ili isije ikaonekana nzima kwenye rafu na kufungwa tena usiku na mtu mwenye haraka.